Tupeane uzoefu: njia za kukimbia Bagamoyo, kuanzia Mji Mkongwe mpaka Kaole

Pumzi_Ndefu
Wakuu, salaam. Nikipata nafasi nashuka Bagamoyo kukimbia. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa hiyo unakimbia huku historia iko pembeni yako. Mimi naanzia Boma, lile la 1897, nashika Mtaa wa India, nakata kuelekea soko la samaki. Pale punguza mwendo: sakafu imelowa, wachuuzi wana ndoo kichwani, na moshi wa mafuta ya kukaangia unakukaba. Kisha ufukoni, kusini.

Ufukoni saa ya mkononi haisaidii, fuata maji. Yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi, mchanga unabaki mpana na umebana, mguu hauzami. Yakianza kujaa unasukumwa juu kwenye mchanga laini na mazoezi yanageuka adhabu. Waulize wavuvi, watakwambia maji yanageuka saa ngapi. Wenzangu mnapita wapi?

Mama_Mbio
Mimi ufukoni alfajiri peke yangu siendi. Napenda njia ya Misheni, ile yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Kivuli kipo na ardhi ni tambarare. Misheni ilianza 1868. Unapita mnara wa kanisa la zamani, walipoulaza mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla haujavushwa kwenda Zanzibar, halafu ule mbuyu uliomeza mnyororo.

Kina dada, huu ni mji wa pwani: suruali pana na tisheti ndefu, utakimbia kwa amani. Na wazee wakiwa barazani, shikamoo itoke hata kama pumzi imekata. Mmoja aliniitikia marahaba, akaongeza, "Unafukuzwa na nani, mwanangu?" Nilicheka mpaka nikasimama.

Mguu_Sawa
Kaole, kwenye magofu ya kale, ni kama kilomita 5 kutoka mjini. Msidanganyike kwenda kwa ufukoni mpaka mwisho, mbele kuna mikoko na tope. Mikoko hiyohiyo ndiyo iliyoiziba bandari ya zamani. Pita barabara ya ndani, kwenye minazi. Masika inateleza vibaya. Beba maji. Ukifika magofuni lipa kiingilio na utembee. Kuna msikiti wa karne ya 13, lakini kuna makaburi pia. Si mahali pa kupimia kasi.

Kijana_wa_Dunda
Naongezea. Karibu na ufuko kuna mnara wa kumbukumbu pale Wajerumani walipowanyonga watu waliowapinga. Makaburi ya Wajerumani wenyewe hayako mbali na hapo. Ukiwa mbioni unawapita wote kabla hujamaliza wimbo mmoja masikioni. Mimi pale navua spika za masikio, natembea. Kila mtu na lake.

Swali kwa mwanzisha mada: ufukoni goti halikusumbui? Langu linalalamika.

Pumzi_Ndefu
Mdogo wangu, ule ufuko umeinama. Ukielekea Kaole mguu wa kushoto ndio uko chini, upande wa bahari, na nyonga inabeba uzito usio sawa. Rudi kwa ufuko uleule ili mguu wa kulia nao upate zamu. Likizidi kuuma, hamia njia ya Mama_Mbio kwa muda.