Tupeane uzoefu: kufunga spika na kuchagua amplifaya nyumbani, watu wa Mtwara na Lindi

Mzee wa Shangani
Jana jirani kashusha spika mpya, hela ya korosho imeingia. Hata saa haijaisha, twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) zinakwaruza. Amplifaya ndogo, kaikamua mpaka mwisho! Watu wanaogopa amplifaya yenye wati nyingi, kumbe mara nyingi kinachoua twita ni amplifaya ndogo iliyozidiwa: mawimbi yanakatwa vichwa, uchafu wote unaishia kwenye koili ya twita, inaungua. Yaliyokukuta wewe ni yapi?

Fundi Ligula
Kweli tupu mzee wangu. Na wengine wanarundika spika. Mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukizifunga sambamba unapata 4. Ongeza mbili nyingine, umefika 2, na nyuma ya amplifaya nyingi za nyumbani pameandikwa mwisho omu 4. Itachemka, itajizima, siku moja haiwaki tena.

Korosho Ghafi
+1. Amplifaya yangu ilikufa hivyohivyo.

Mama Nuru, Chikongola
Mmenikumbusha mkesha wa harusi ya mdogo wangu. Spika zimepangwa sebuleni, kinamama wamejaa mpaka barazani. Ghafla taa zikawa nyeupe mpaka zinaumiza macho, feni inanguruma. Nyumba ya pili taa zao zimefifia, nyekundu kabisa, kwa hiyo kila mtu anasema lake. Amplifaya ikaanza kuvuma, mmmm, hata muziki umezimwa. Halafu pa! Moshi ukatokea kwenye matundu ya juu, harufu ya lami inayoungua, na mtoto wa dada amekaa palepale chini ya meza. Nilimvuta mkono, nikakimbilia meni swichi. Friji ya jirani ilienda, televisheni mbili zilienda. Tukaambiwa nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imekatika huko nguzoni. Harusi ilichezwa kwa ngoma, na ilipendeza, lakini nikiona taa inaongeza mwanga mpaka leo moyo unaruka.

Mwana Masasi
Eeh Mama Nuru! Mtoto alikuwa mzima?

Mama Nuru, Chikongola
Mzima, alhamdulillahi. Sasa yuko darasa la tano.

Fundi Ligula
Pole sana dada. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazogawiwa nyumba tofauti, nyumba moja inaweza kupanda kutoka volti 230 ikakaribia 400, ya pili inashuka. Ndiyo maana kwao zilififia. Weka kifaa cha kukata umeme volti zikizidi, kabla hujafikiria spika za bei.

Baharia wa Mikindani
Ya nyutro tumeyasikia, turudi kwenye muziki. Nunueni amplifaya za zamani, nzito. Hizi nyepesi za klasi D, zinazowasha na kuzima umeme harakaharaka, ni za kuchezea watoto.

Mwana Masasi
Unakosea mkuu. Uzito ni transfoma na bati la kupoozea. Klasi D haipotezi umeme mwingi kwa joto, na kwa joto letu hili naona ni nafuu.

Baharia wa Mikindani
Njoo Mikindani usikilize yangu, ndipo useme.

Fundi Ligula
Yako ya pwani ifungue kwanza, chumvi ya bahari imeshakula soketi.

Binti Nachingwea
Msigombane. Mimi naona mnasahau chumba. Kwetu ukuta wa saruji, sakafu ya saruji, juu bati bila silingibodi: sauti inarukaruka, maneno huyasikii. Nilitandika mkeka mzito, nikaweka pazia nene ukuta wa nyuma, nikaziondoa spika kwenye kona, twita zikawa usawa wa sikio nikikaa. Wimbo uleule, nikasikia mpiga besi anavyoteleza kwenye nyuzi.

Korosho Ghafi
Mimi kwenye kona ndiko napenda, besi inapanda bure.

Binti Nachingwea
Inapanda, na inakuwa tope.

Mzee wa Shangani
Na msinunue kwa maandishi ya PMPO, wati za kutangazia biashara tu, tazameni RMS, wati inazomudu kweli muda wote. Tena someni desibeli, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja: spika ya 84 inataka wati mara nne kufikia sauti ya spika ya 90.

Korosho Ghafi
Mwenzenu zangu besi hamna kabisa, na fundi wa mtaani kanifungia juzi tu. Tatizo nini?

Fundi Ligula
Waya zimegeuzwa upande mmoja, spika moja inasukuma nyingine inavuta, besi zinafutana. Chomoa kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 mara moja, chanya kwa nyekundu. Koni, ile karatasi ya mbele ya spika, itoke nje, zote mbili.

Korosho Ghafi
Ya kushoto imetoka. Ya kulia imeingia ndani! Nageuza waya sasa hivi.