Chuma cha kujivutia mlangoni: fremu itahimili kilo 92?

Bonge_Mpole

Habari zenu wakuu. Nimeamua kufanya mazoezi ya nguvu nyumbani kwa sababu muda wa kwenda jimu sina. Pushapu napiga vizuri tu, ishirini na kitu naenda bila kupumzika. Ila pushapu ni kusukuma, na mgongo wangu umelala kabisa. Ndiyo maana nataka chuma cha mlangoni nianze kujivuta.

Nimeona vya aina mbili. Kimoja kinarefuka ukikizungusha, kinajibana katikati ya miimo miwili ya mlango. Kingine kina mikono inayopanda juu ya fremu na kukaa kule nyuma, hakitaki skrubu hata moja. Boksi zote mbili zimeandikwa kilo 120. Mimi nina 92.

Hofu zangu ni tatu. Nyumba ni ya kupanga, sitaki kuharibu mlango wa mtu. Pili, sitaki kudondoka na chuma usoni. Tatu, naomba msinicheke, sijawahi kujivuta hata mara moja kidevu kikapita chuma. Sasa ninunue, au nipungue kwanza? Natanguliza shukrani.

Chuma_Ulete

Nunua mkuu. Siku ya kwanza mpe mtu simu arekodi, halafu video iletwe hapa hapa.

FundiRanda

Huyo hapo juu mpuuze. Mimi ni seremala, milango ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitaongea ya mlango, mazoezi wataongea wengine.

Kilo 120 za kwenye boksi ni za chuma. Aliyeziandika hajaona mlango wako. Tena hesabu hiyo ni ya mtu aliyening'inia ametulia. Ukijirusha, au ukijiachia kwa ghafla ukitoka juu, mzigo unaofika kwenye fremu unazidi uzito wako kwa mbali.

Chenye mikono kinafanya kazi hivi: ile fito ya nyuma inakalia ukingo wa ule ubao mwembamba unaofunika mwanya kati ya fremu na ukuta, na ukining'inia upande wa mbele, zile sehemu zenye sponji zinajikandamiza kwenye miimo. Kadiri unavyovuta chini ndivyo kinavyozidi kujibana. Ni akili nzuri, ila kila kitu kinategemea ule ubao wa juu. Nyumba nyingine hazina kabisa, fremu imelingana na plasta, basi hicho chuma hakina pa kukaa. Nyingine upo lakini ni pambo tu, umeshikwa na gundi na vimisumari vya kuhesabu. Panda kwenye kiti, weka kidole gumba chini ya ubao huo, usukume kwenda juu, halafu uuvute kuja kwako. Ukicheza hata kidogo, au ukiona ufa wa rangi unafunguka pale unapokutana na ukuta, usiuning'inizie mwili. Pima na unene wa ukuta, maana mikono ya chuma ina urefu wake na ukuta mnene inaukosa.

Kinachojibana katikati kinashikwa na msuguano peke yake. Ukiwa na kilo 92, kila mwimo unabeba kama 46, na nguvu ya kubana pembeni inabidi izidi hapo ili kisiteleze. Maana yake unaisukuma fremu kwenda nje kwa nguvu nyingi. Mbao ngumu iliyokaza ukutani inavumilia. Ya maganda ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi inapasuka. Fremu ya bati iliyo tupu ndani inabonyea, na rangi yake ya mafuta inateleza. Gonga mwimo kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi juu usikilize. Ukisikia ngo-ngo ya uwazi, hapo nyuma hamna kitu.

Aina hii huwa inakuja na vikombe viwili vya kufunga kwa skrubu, ncha za chuma zinaingia humo. Watu wanavitupa pamoja na boksi. Visitupwe, ndivyo vinavyozuia kuteleza.

Mkasi

Ushauri mdogo kwa suala la alama: mimi nazungushia kitambaa kwenye ncha, fremu inabaki safi.

FundiRanda

Mkasi, hebu sema ni chuma kipi. Kwa kile cha mikono sawa, weka kitambaa pale panapogusa rangi, hakuna neno. Kwa kile cha kujibana ondoa leo hii! Zile raba za kwenye ncha ndiyo breki yake, ukizivisha kitambaa umeiua.

Mkasi

Ni cha kujibana. Nimekuelewa fundi, naenda kuondoa.

MamaPacha

Bonge, usisubiri kupungua. Kwenye pushapu unanyanyua kama theluthi mbili ya mwili, zilizobaki zinabebwa na miguu. Kwenye kujivuta unanyanyua karibu mwili wote, na kwa misuli ambayo haijawahi kuulizwa chochote. Ndiyo maana mtu wa pushapu nyingi anaweza kushindwa moja, wala si jambo la kucheka.

Kwanza jifunze kuning'inia tu. Mikono imenyooka, viganja vikitazama mbele, upana uzidi mabega kidogo. Ukiweza kukaa hivyo nusu dakika bila kuteleza, ongeza hiki: ukiwa umening'inia, viwiko vikiwa bado vimenyooka, shusha mabega mbali na masikio. Mwili unapanda sentimita chache tu, mtu akikutazama anaweza asione. Lakini hapo ndipo kujivuta kunapoanzia, kwenye mabega, na wengi wanaruka hatua hii wanakimbilia kukunja viwiko huku shingo imezama katikati ya mabega.

Baada ya hapo ni kushuka. Weka kiti imara, panda mpaka kidevu kiwe juu ya chuma, nyanyua miguu, shuka taratibu ukihesabu hadi tano. Ukifika chini simama kwenye kiti, panda tena. Misuli inamudu kushusha mzigo ambao haiwezi kuunyanyua, kwa hiyo unajenga nguvu kabla hujaweza kupanda mwenyewe. Mara tatu nne, pumzika dakika mbili, rudia. Siku ukiona unashuka kama gunia ujue umechoka, acha.

Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na usizipange mfululizo. Ukija kujaribu kupanda, geuza viganja vikutazame wewe. Misuli ya mbele ya mkono inasaidia zaidi, wengi huipata ya kwanza kwa namna hiyo.

Nyundo7

Dada MamaPacha, kwa heshima, kwa mtu wa kilo 92 anayeanza, huko kushuka polepole umemharakisha. Misuli inazoea upesi, kano haziendi kasi hiyo. Mimi kiwiko upande wa ndani, pale mfupa ulipochomoza, kilikuwa kinauma hata nikifungua mfuniko wa chupa. Nilipumzika muda mrefu sana.

Ningekuwa yeye ningeanza na kuvuta kwa kuegama. Fundo kubwa kwenye ncha ya shuka, lipitishe juu ya mlango, funga mlango hadi komeo lilie, shika shuka uegame nyuma ukijivuta, miguu ikiwa chini. Angalizo: simama upande ambao mlango HAUFUNGUKII. Hapo ukivuta unazidi kuukandamiza kwenye fremu. Ukisimama upande mwingine, komeo likiachia mlango unakuja nao.

MamaPacha

Nyundo7, kuegama nakubali, aanze nako hata kabla hajanunua chuma. Ila kushuka sikufuti, kwa sababu kuegama peke yake hakumzoeshi kubeba mwili mzima. Tukutane hapa: wiki za mwanzo aegame na aning'inie tu. Akianza kushuka, afanye siku moja kwa wiki, aone viwiko vinasemaje kesho yake. Misuli kukaza ni kawaida. Maumivu ya kuchoma kwenye kiwiko, au ganzi ya vidole, apumzike, na yasipoisha akamwone daktari.

Nyundo7

Hapo sina ubishi.

Bonge_Mpole

Jamani asanteni, sikutegemea majibu ya kiwango hiki. Fundi, nimepanda kiti kama ulivyosema. Mlango wa chumbani ule ubao wa juu unacheza, kuna msumari mmoja umetoka nusu nauona, kwa hiyo cha mikono kwaheri. Mlango wa korido fremu ni mbao, nene, nimegonga pande zote mbili inalia nzito kuanzia chini hadi juu. Nafikiria kile cha kujibana niweke hapo. Ila korido watoto wanapita, na nikinyoosha mikono naigusa fremu ya juu huku nimesimama. Miguu itaenda wapi?

Chuma_Ulete

Safari hii sitanii. Mimi pia ni mrefu, nakunja magoti, miguu inakaa nyuma. Usiinyanyue mbele kama umekaa kwenye kiti, kikiachia unafikia mgongo. Ukiikunja nyuma una nafasi ya kutua kwa magoti au kuweka mguu chini. Na usikiweke juu kabisa, kichwa kinahitaji nafasi ya kupita. Kishushe kama sentimita 30 chini ya fremu ya juu.

MamaPacha

Watoto: ukimaliza kitoe, kiweke wasipofika. Wakikiona watabembea, na kubembea ndiko kunakolegeza. Sakafu iwe tupu, hata kandambili isibaki. Godoro nene watu wanalipenda lakini kifundo cha mguu kinapinda ukitua juu yake. Mkeka wa mazoezi unatosha.

FundiRanda

Korido sawa. Tumia pimamaji, kikilala upande kinateleza kuelekea huko. Kisha kikaze, na uchore mstari mmoja wa penseli unaovuka kutoka kwenye chuma hadi kwenye kikombe. Hicho chuma kinafunguka kwa kuzunguka, na mikono yako ikiwa inavuta inaweza kukizungusha kidogo kidogo bila wewe kujua. Kabla ya kila zoezi tazama mstari. Ukiwa umeachana, kaza upya. Kisha ning'inia huku vidole vya miguu viko chini, ongeza uzito taratibu, ndipo unyanyue miguu.

Bonge_Mpole

Swali la mwisho fundi. Hivyo vikombe vinataka skrubu, na mwenye nyumba wangu hataki kusikia habari ya tobo.

FundiRanda

Mwoneshe kikombe chenyewe kabla hujatoboa, wengi wakiona udogo wake wanalegea. Ni skrubu mbili tatu kila upande, zinaingia kwenye mbao, ukuta haziugusi. Toboa kwanza kwa biti nyembamba kuliko skrubu ili mbao isipasuke. Siku ya kuhama changanya vumbi la mbao na gundi nyeupe, jaza tobo, liache likauke, piga msasa, paka rangi. Akikataa kabisa, usikibane bila vikombe kwa kilo hizo. Tafuta cha kusimama sakafuni.