Kamera mbili, umbali wa matatu unarukaruka. Nihamie SIFT?

Mwanagenzi_Roysambu: Wadau, hamjambo. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kupima umbali na kasi ya matatu nikiwa juu ya daraja la wapita njia, Thika Road. Nimefunga kamera mbili kwenye ubao, zimeachana sentimita 12. Mbinu ya kompyuta iitwayo ORB (SIFT ni nyingine ya kazi hiyohiyo) inatafuta alama kwenye picha ya kushoto, kisha naitafutia kila moja pacha wake kulia. Gari lililo mita 20 mara linasomeka 17, mara 25! Nguzo za ukingo wa barabara ndizo zinanitesa zaidi, zote zinafanana. Nawasilisha baada ya wiki tatu na usingizi sina.

Fundi_Lenzi: Pole, ndugu. ORB iache kwanza. Ulizipima kamera kwa ubao wa chesi na kuzinyoosha picha? Zikinyooka, alama na pacha wake hukaa safu moja ya pikseli, kwa hiyo unatafuta kwenye mstari mmoja tu. Nguzo bado zitakusumbua kwa kuwa zimejipanga kwenye safu hiyohiyo. Hapo tumia kipimo alichopendekeza David Lowe, mbunifu wa SIFT, mwaka 2004: linganisha pacha wa kwanza na wa pili kwa ubora, na tofauti kati ya wa kwanza na alama yako ikizidi 0.8 ya tofauti ya wa pili, tupa alama hiyo. Afadhali alama 40 za kweli kuliko 400 za kubahatisha.

Binti_Pikseli: Kaka, piga hesabu. Umbali ni fokasi (urefu wa fokasi wa lenzi, kwa pikseli) mara nafasi kati ya kamera, gawanya kwa msogeo, yaani pikseli ambazo alama imehama kati ya picha ya kushoto na ya kulia. Tuseme fokasi yako ni pikseli 800: kwa mita 20 msogeo ni pikseli 4.8 pekee. Ukikosea pikseli moja, unasoma mita 25. Hata SIFT haitakuokoa hapo. Tenganisha kamera sentimita 60, msogeo ufike 24. Kosa lilelile litakupa kama mita 21.

Mzee_wa_Fremu: Na je, zinapiga kwa wakati mmoja? Matatu ya kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde. Kamera moja ikichelewa milisekunde 30, gari limeshasogea sentimita 30, na msogeo huo programu itaudhani ni umbali.

Mwanagenzi_Roysambu: Asanteni sana. Ubao wa chesi niliupiga picha tano tu, zote nikiwa nimeushika wima.

Fundi_Lenzi: Piga 20, ukiuinamisha kila upande, mpaka kwenye pembe za picha. Lakini badilisha ubao wa kamera kwanza. Ukizisogeza, vipimo vya zamani havifai tena.

Mwanagenzi_Roysambu: Sawa. Kesho asubuhi niko Gikomba kutafuta mbao.