Kamera ya filamu ya mtumba kwa picha za sura: Pentax K1000, Canon AE-1, Zenit E au Yashica?

Binti wa Kaloleni (Arusha)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Ninapiga picha za harusi, ubatizo na kipaimara kwa kamera ya dijitali ya Canon, ile yenye kihisi kidogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), pamoja na lenzi ya milimita 50, na kwa shughuli hizo inanitosha. Sasa nimekusudia kuwapiga wazee wa ukoo wetu picha za sura kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, wale walioko hapa Arusha na wale wa upande wa mama walioko Old Moshi, kwa sababu nataka zibaki negativu ambazo wajukuu wataweza kuzishika mkononi na kuzichapa upya hata kama kompyuta za leo zitakuwa zimekwisha kutupwa. Fedha niliyotenga ni shilingi laki sita, na ndani yake lazima zitoke kamera, lenzi na mikanda ya kuanzia.

Nimeoneshwa kamera nne. Kuna Pentax K1000 yenye lenzi ya milimita 50 f/2, Canon AE-1 yenye milimita 50 f/1.8, Zenit E yenye Helios 44-2, na Yashica Mat-124G ambayo peke yake inakaribia kumaliza fedha yote. AE-1 inapendeza kuliko zote kwa macho, na muuzaji anasema ilikaa kabatini miaka mingi bila kuguswa. Naomba mnilinganishie kwa kuangalia kazi niliyoitaja, si umaarufu wa kamera.

Fundi wa Majengo (Moshi)

Marahaba, dada. Nianze na hilo la kukaa kabatini, kwa kuwa wauzaji hulitaja kama sifa. Kamera ya umri huu iliyokaa bila kutumika haijapumzika, imekauka. Mafuta yaliyomo ndani huganda au kuhama, na sifongo nyeusi zinazoziba mwanga pembezoni mwa mlango wa nyuma huoza na kuwa kama lami. Sifongo si tatizo kubwa, kwani hubanduliwa kwa kijiti na spiriti, kisha huwekwa kitambaa cha mahameli au uzi mweusi wa sufi, na gharama yake ni ndogo. Shata iliyochoka, yaani lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ni habari nyingine.

K1000 na AE-1 zote zilitoka mwaka 1976, lakini ni kamera za fikra mbili tofauti. Shata ya K1000 inaendeshwa na springi na magurudumu tu, na betri yake moja ndogo ya LR44, ambayo utaipata kwa fundi saa yeyote, ni ya kipima mwanga peke yake. Betri ikiisha katikati ya kazi kule Old Moshi, unaendelea kupiga. AE-1 inaendeshwa na umeme, na bila betri yake ya volti sita haifyatui kabisa. Betri hiyo si rahisi kuipata madukani kwetu, ingawa unaweza kupanga LR44 nne na kujaza nafasi inayobaki kwa karatasi ya fedha. Zaidi ya hapo, AE-1 nyingi zikizeeka hutoa mlio wakati wa kufyatua kwa sababu magurudumu yanayoendesha kioo cha ndani yamekauka mafuta. Kulitibu hilo kunawezekana, lakini saketi yake ikifa, hapa Kaskazini mimi sijui pa kukupeleka, wakati K1000 hufunguka, ikasafishwa na kufungwa tena.

AE-1 ina jambo moja la kuisifu: wewe unachagua kasi ya shata, yenyewe inachagua tundu la lenzi, yaani ile namba ya f. Kwa mtu anayekimbizana na watoto hilo ni msaada mkubwa. Kwa mzee aliyekaa kwenye kiti barazani halina uzito, na hata kwa picha za sura mtu hupenda kulishika tundu la lenzi mwenyewe, kwa kuwa ndilo linaloamua nyuma ya mtu pafifie kiasi gani.

Mpenzi wa Mraba (Njiro)

Naomba nimtetee Yashica, kwa kuwa naona ataondolewa kwa bei tu. Negativu yake ya sentimita 6 kwa 6 ina eneo linalozidi mara tatu na nusu lile la mkanda wa milimita 35, na tofauti hiyo inaonekana kwenye mikunjo ya ngozi na kwenye nyuzi za shuka. Unaitazama kutoka juu, ukiwa umeinamisha kichwa, na mzee anaona uso wako badala ya kuona chuma kilichofunika jicho. Nimeona wazee wakilegea mbele yake kwa namna ambayo sijaiona kwa kamera nyingine. Hata hivyo, mkanda wake unatoa picha 12 tu, lenzi yake haibadilishwi, na haisogei karibu zaidi ya takriban mita moja. Kwa laki sita, dada utabaki na kamera nzuri isiyo na mkanda ndani.

Mwalimu wa Usa River

Ninakubaliana na waliotangulia, ila naona mjadala umeanzia kwenye kamera wakati picha ya sura huanzia kwenye umbali. Ukisimama karibu na mtu, tuseme sentimita 80, pua yake iko karibu nawe kwa kiasi kikubwa kuliko masikio yake, kwa hiyo hukua na masikio hurudi nyuma. Hakuna lenzi inayosahihisha jambo hilo, kwa sababu halitokani na lenzi. Ukirudi hadi mita mbili hivi, uso hukaa kama tunavyouona tunapoketi na mtu kuzungumza naye. Kazi ya lenzi ni kuamua, ukiwa umesimama hapo kwenye mita mbili, sehemu gani ya mtu iingie kwenye fremu.

Hesabu yake ni nyepesi. Fremu ya mkanda wa milimita 35 ina milimita 24 kwa 36. Ukiisimamisha, lenzi ya milimita 50 kwenye mita mbili inachukua karibu mita moja na sentimita 44 kwenda juu, yaani mzee aliyeketi pamoja na mikono yake na fimbo yake. Lenzi ya milimita 85 inachukua sentimita 85, yaani kifua na kichwa. Ile ya milimita 135 inachukua kama sentimita 53, yaani mabega na uso. Dada Binti amezoea lenzi yake ya 50 kwenye kihisi kidogo, ambako inaona kama lenzi ya 80, na hapa ndipo wengi wanaohamia kwenye filamu hupotea. Wanaiona lenzi ileile ikiwa pana ghafla, wanasogea mbele ili uso ujaze fremu, na nyuso zinavimba.

Lenzi za milimita 85 zenye tundu kubwa ni ghali kwa kila aina ya kamera. Lakini lenzi za milimita 135 zilitengenezwa kwa wingi sana miaka ya 1970 na leo hazina wagombea, ndiyo maana SMC Pentax-M 135 f/3.5 hupatikana kwa bei ya chini kuliko ubora wake. Inasogea hadi mita moja na nusu, nayo ni ndogo kwa lenzi ya urefu huo. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, maana lenzi ndefu hukuza mtikisiko wa mkono. Kwa mkanda wa ISO 400 (namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga) kwenye kivuli kilicho wazi, saa nne asubuhi, mwanga unatosha bila taabu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni K1000 pamoja na hiyo 135, na fedha yote inayobaki inunue mikanda. Huhitaji kupiga picha nyingi. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa akipiga kwa mwanga wa jua uani kwake, kwa kamera ya negativu za sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu kwa sababu ya gharama. Aliutumia muda wake kumpanga mtu kabla ya kufyatua: mkono ukae wapi, bega lielekee wapi, kitambaa gani kiwe nyuma. Wewe utakuwa na nafasi 36.

Binti wa Kaloleni (Arusha)

Nashukuru sana, Mwalimu. Hilo la umbali nimelijaribu leo kwa kamera yangu ya dijitali, na nimeliona dhahiri kwenye uso wa mama. Lakini naomba kuuliza: kwa kuwa tayari ninayo lenzi ya Canon ya 50 f/1.8, si ningeokoa fedha kwa kununua kamera ya filamu ya EOS inayoikubali lenzi hiyo? Na Zenit, mbona hakuna aliyeigusa? Ndiyo rahisi kuliko zote.

Kijana wa Sakina

Dada, ninatumia EOS 300, kwa hiyo hapa ninaweza kusema kwa uhakika. Ni ya mwaka 1999, nyepesi, ina fokasi ya yenyewe, na lenzi yako ya 50 f/1.8 itaingia na kufanya kazi zake zote. Ile ya 18-55 iliyokuja na kamera yako haitaingia, kwa sababu ilitengenezwa kwa vihisi vidogo tu. Kwa upande wa bei, miili ya EOS ya miaka ile ni rahisi sana, kwa kuwa ni ya plastiki na wanaotafuta kamera za zamani wanataka chuma. Kipima mwanga chake ni bora kuliko cha K1000, tena kwa mbali. Udhaifu wake ni betri mbili za CR2, ambazo mimi huagiza Dar es Salaam, pamoja na ukweli kwamba ikiharibika hairekebishwi, inabadilishwa. Mtu aliye na macho yasiyoona vizuri karibu ningemwambia aichukue hii bila kusita, maana kulenga jicho la mzee kwa mkono kwenye f/2 kunahitaji utulivu.

Fundi wa Majengo (Moshi)

Hoja ya kijana ni nzito, na kwa fedha ndogo kabisa EOS ndiyo njia fupi. Wasiwasi wangu unabaki kwenye ile 50 ambayo Mwalimu ameieleza. Lenzi ya 85 ya Canon itagharimu kuliko kamera yenyewe.

Kuhusu Zenit E: mwili wake siupendekezi kwa kazi hii. Kasi zake zinaanzia 1/30 na kuishia 1/500, kidirisha chake cha kutazamia kina giza, kipima mwanga chake cha seleniamu mara nyingi kimekwisha kufa, na tundu la lenzi unalifunga mwenyewe kwa mkono kila unapotaka kufyatua. Lakini usiipuuze lenzi. Helios 44-2 ni milimita 58 f/2, inasogea hadi nusu mita, na nyuma ya mtu kukiwa na majani ya migomba yenye mwanga unaopenya, majani hayo huzunguka uso kwa mduara unaopendeza mno. Lenzi hiyo ni ya uzi wa M42, yaani hukazwa kama skrubu, na kwa adapta nyembamba ya chuma inakaa kwenye Pentax ya mlango wa K (pale lenzi inapofungwa), kama K1000, na bado inafokasi hadi mbali kabisa. Muuzaji akikubali kuitenganisha Helios na mwili, ichukue.

Mwalimu wa Usa River

Hapo kwa Helios natofautiana na Fundi. Mduara ule unavutia mara ya kwanza, lakini katika picha za wazee kumi waliopangwa ukutani, jicho litauona mduara kabla ya kuwaona wazee. Ningependa nyuma pawe ukuta wa udongo au mlango wa mbao, na uso ubebe picha.

Mama wa Kiboriloni (Moshi)

Wanangu, mmezungumza kamera na lenzi mkasahau kuwa mkanda lazima usafishwe kwa dawa ili picha zitokee. Mashine za kusafisha mikanda ya rangi zilizokuwa studio za mjini nyingi zimeondolewa, kwa hiyo uamuzi wa binti wa kutumia nyeusi na nyeupe ni wa busara, maana hii inasafishwa nyumbani jikoni. HP5 Plus ya Ilford inavumilia makosa ya mwanga, na Fomapan 400 ni rahisi zaidi kwa bei. HP5 kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa inakaa dakika saba na nusu kwenye nyuzi joto 20. Arusha mwezi wa Julai maji hayazidi hapo. Huku kwetu Moshi mwezi wa Februari maji ya bomba yanazidi kiwango hicho, na kwenye nyuzi 24 muda unashuka hadi zaidi kidogo ya dakika tano. Chini ya hapo usiende, kwani mkanda huanza kutoka na mabaka. Mimi huweka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu na kupima kila mara.

Utasikia pia habari za kusafisha kwa kahawa, na ni kweli inafanya kazi: kwa lita moja ya maji, gramu 54 za soda ya kufulia iliyokauka, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa inayoyeyuka, kwa dakika 15. Kahawa ya robusta kama ile ya Bukoba inafaa kuliko arabika yetu ya mlimani. Magadi ya ziwani usiyatumie, kwa kuwa ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti na vipimo havitasimama. Hata kwa kahawa, dawa ya kugandisha picha lazima uinunue. Kwa wazee ambao huenda hutawapiga tena, tumia dawa ya dukani.

Na ukiagiza mikanda kwa mtu anayekuja kupitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwombe aibebe kwenye mkoba wa mkononi na kuomba ikaguliwe kwa mkono kila uwanja atakaopita, kwa sababu mashine mpya za kukagua mizigo zinaunguza filamu.

Binti wa Kaloleni (Arusha)

Ahsanteni wote, na shikamoo Mama. Nimeamua K1000 na lenzi ya 135, na ile 50 f/2 iliyokuja nayo nitaitumia kwa picha za mzee mzima na mikono yake. Muuzaji amekubali nikaikague kesho mchana.

Fundi wa Majengo (Moshi)

Nenda na LR44 mpya. Fungua mlango wa nyuma, weka kasi ya sekunde moja na usikilize kama inafika mwisho bila kukwama, kisha weka 1/1000 na utazame kupitia shata ukiielekeza angani: ukiona upande mmoja una giza, mapazia hayaendi sawa. Toa lenzi, fungua tundu lote, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma na utafute nyuzi nyembamba zinazotawanyika ndani ya kioo. Hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa masika yetu haibaki ilivyo. Ukishainunua, lenzi ifunikwe kila wakati, kwa kuwa kipima mwanga cha K1000 hakina swichi na hula betri kwenye mwanga.

Mwalimu wa Usa River

Ongeza na hili. Kipima mwanga hicho huchukua wastani wa fremu nzima, na mzee akiwa barazani huku uwanja nyuma yake ukiwaka jua, uso utatoka mweusi usio na macho. Sogea hadi uso wake ujaze kidirisha, pima hapo, kisha rudi kwenye mita mbili bila kubadili chochote. Kwa ngozi nyeusi kipimo hicho kitatoa mwanga zaidi kidogo ya unaohitajika, na negativu inapenda hivyo kuliko kupungukiwa. Jua la saa sita hapa kwetu liko utosini na linajaza vivuli kwenye mashimo ya macho, kwa hiyo waketishe ndani ya kivuli, wakielekea kwenye uwazi. Mkanda wa kwanza upige ndugu na majirani, ukiandika daftarini kasi na tundu la kila fremu. Wazee wafuate baada ya mkanda huo kukauka na kukaguliwa.