Mwaka wa tatu Kemia, usaili wa kazi umekaribia: mradi wangu umenishinda au?

Binti wa Usa River:
Habari wakuu. Namalizia shahada ya kemia. Mradi wangu ni floraidi kwenye maji ya visima upande wa Mlima Meru. Sikuuchagua bure: floraidi ikizidi huharibu meno, na mimi na wadogo zangu wote tuna meno ya madoa ya kahawia, tumekunywa maji hayo tangu utoto.

Shida ni hii. Elektrodi ya floraidi, yaani kifaa unachotumbukiza majini kupima floraidi, inatakiwa ibadilike kama milivolti 59 kila ukolezo unapoongezeka mara kumi. Yangu inanipa 48. Nilianza na stendadi (maji yenye floraidi ya kiasi kinachojulikana) ya miligramu 10 kwa lita, nikashuka hadi 0.1. Zimebaki wiki tano niwasilishe, na nimeitwa usaili kwenye maabara moja ya maji. Rafiki yangu anasema nichukue namba za ripoti ya mwaka jana, zinafanana. Nifanyeje?

Mzee wa Bureti:
Mdogo wangu, namba za mtu usiziguse. Nina miaka kumi na minne kwenye maabara ya maji, nimekaa kwenye jopo la usaili mara nyingi. Swali ninalouliza kila mara ni moja: umejuaje kwamba jibu lako ni kweli? Aliyenakili hukwama hapo hapo.

Sasa tatizo lako. Umeanza na kali ukashuka. Floraidi ya stendadi kali inabaki kwenye elektrodi, halafu chini kule kwenye 0.1 elektrodi yenyewe ni nzito kutulia. Stendadi ndogo inasomeka kubwa, mteremko, yaani zile milivolti kwa kila mara kumi, unalala. Anza na ndogo ukipanda kwenda kubwa, suuza kwa maji yaliyokenekwa, futa taratibu, subiri namba itulie. Stendadi na sampuli zote ziwe joto moja, zote zipate bafa ya TISAB kwa kipimo kilekile, maana ndiyo inayoachanisha floraidi na aluminiamu na chuma. Tumia vyombo vya plastiki.

Kisha chukua sampuli moja, itie floraidi unayoijua kiasi chake, uone inarudi ngapi. Hilo ndilo jibu la swali langu la juu.

Na hiyo 48 usiifute daftarini. Piga mstari mmoja, andika tarehe na sababu. Kwenye usaili nenda na daftari hilo.

Kaka wa Morogoro:
Naunga mkono. Mimi fildi niliosha vyombo wiki sita, nikadhani nimepoteza muda. Kumbe usaili uliniuliza namna ya kuosha chombo cha kupimia madini ya risasi! Pia dada, ulizia mapema usajili kwenye Baraza la Wanataaluma wa Kemia, sheria ipo tangu 2016. Wengi huanza kuhangaika baada ya mahafali.

Binti wa Usa River:
Asanteni sana. Nimerudia jana na leo kwa kupanda kutoka ndogo: milivolti 57.6. Sampuli niliyoitia floraidi imerudisha asilimia 96 ya niliyotia. Kisima cha jirani yetu kimesoma miligramu 6.3 kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Nimekaa na hiyo namba muda mrefu, kuna watoto wanne pale. Kabla ya usaili nitampigia mama awaambie wakinge ya mvua kwa kunywa, masika ndiyo haya.

Mzee wa Bureti:
Pima mara tatu kwanza, mdogo wangu. Halafu mpigie.