Mjadala: Je, ni haki jela za kaunti nchini Marekani kuanika majina na picha za waliokamatwa?

Shangazi wa Dallas

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Mpwa wangu wa miaka 22 alikamatwa mwaka jana katika kaunti moja ya Texas kwa tuhuma ya wizi dukani. Alilala mahabusu usiku mmoja, akatolewa kwa dhamana, na baada ya miezi mitatu mwendesha mashtaka akaifuta kesi kwa sababu kamera za duka zilimwonyesha mtu mwingine kabisa. Lakini usiku ule ule wa kukamatwa, picha aliyopigwa alipoandikishwa jela, nywele timutimu na macho mekundu, ilikuwa imekwisha kuzunguka katika makundi matatu ya WhatsApp ya jumuiya yetu, kwa kuwa jela huiweka kwenye orodha yake ya wazi pamoja na jina, shtaka na kiasi cha dhamana. Hadi leo jina lake likitafutwa kwenye intaneti, picha hiyo ndiyo inayotangulia. Je, ni haki kaunti kumwanika mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani?

Dereva wa Lori, Houston

Pole sana, shangazi. Hata hivyo, orodha hiyo hiyo ndiyo iliyoniwezesha kumpata mdogo wangu alipokamatwa barabarani akitokea San Antonio. Texas ina kaunti 254, kila moja ina sherifu wake na nyingi zina jela zao, na hakuna daftari moja linalozikusanya zote. Nilikaa na ramani ya barabara, nikakagua kaunti moja baada ya nyingine kufuata njia aliyopita, na sikumpata hadi nilipojaribu jina la babu yetu, kwa sababu ndilo la mwisho kwenye pasipoti yake na ndilo askari waliloliandika kama jina la ukoo. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Kwetu Kenya mtu akichukuliwa, jamaa huzunguka kituo hadi kituo, na kila askari wa kaunta husema hayupo. Afadhali picha ya kuaibisha kuliko ndugu asiyejulikana aliko.

Mwana wa Nyamira, Minnesota

Kaka dereva, maneno yako ya mwisho yamenichoma, kwa maana umetusema kana kwamba kwetu ni pori lisilo na sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 49, inaamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na inampa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Kila kituo cha polisi kina daftari lake la matukio, ile OB ambayo kila Mkenya anaijua. Hapa Marekani, kwa upande mwingine, maskini anaweza kukaa jela ya kaunti miezi kadhaa akisubiri kesi kwa sababu tu hana fedha za dhamana. Usiwasifu wanaoanika picha ya mtu huku wakimnyima uhuru wake.

Mzaliwa wa Tanga

Ibara hiyo inasomeka vizuri, ndugu yangu, lakini tuzungumze kuhusu yaliyotendeka. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya Juni ya kuupinga Muswada wa Fedha, kuna vijana waliochukuliwa na watu wasiovaa sare, na familia zao zilipokwenda vituoni ziliambiwa hawapo. Mawakili wakalazimika kwenda Mahakama Kuu kuomba polisi waamriwe kuwaleta watu hao mbele ya jaji wakiwa hai. OB ilikuwepo siku zote hizo. Kwetu Tanzania nako, ukitoa taarifa kituoni utapewa namba ya RB, lakini RB ni ya taarifa yako wewe, haikuambii nani amelala ndani usiku huo. Daftari ambalo raia hawezi kulifungua halimlindi aliyeandikwa humo, na zaidi halimlindi yule ambaye hakuandikwa.

Mama Mwenye Duka

Mimi naliona kwa jicho la aliyeibiwa. Nina duka dogo la vyakula vya nyumbani, na limevunjwa mara mbili. Nikiona jina na picha, najua nimfungulie nani mlango na nani nisimfungulie. Dada wa Dallas asinikasirikie, lakini askari hawamkamati mtu bure, na vijana wetu wakikamatwa mara nyingi kuna walilolifanya. Isitoshe, nilisikia Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuzipiga marufuku picha hizi mwaka 2016, kwa hiyo sielewi tunabishania nini.

Shangazi wa Dallas

Mama, nakuheshimu kama dada yangu mkubwa, lakini nimeeleza kwamba kamera ilimwonyesha mtu mwingine. Unaposema hakukamatwa bure, unamhukumu mara ya pili mtoto ambaye hata mwendesha mashtaka amemwachia. Na kwa kuwa tumefika hapa, nitasema nilichotaka kukinyamazia: picha ile haikujipeleka yenyewe kwenye makundi yetu. Aliyeituma mara ya kwanza ni mtu mzima anayemfahamu mama yake.

Mkaazi wa Louisville

Kwanza nisahihishe. Uamuzi wa 2016 haukuwa wa Mahakama ya Juu. Ulitolewa na Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita, ile ya Cincinnati, nao ulihusu picha za mahabusu wa serikali ya shirikisho peke yao. Jela za kaunti hufuata sheria za majimbo. California, kwa mfano, tangu Januari 2022 imewazuia polisi kuweka kwenye mitandao ya kijamii picha za wanaotuhumiwa kwa makosa yasiyo ya ukatili, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mahakama ya Juu yenyewe iliamua kesi iliyotoka hapa hapa mjini kwetu mwaka 1976: polisi walikuwa wamesambaza kwa wenye maduka kijikaratasi chenye picha za watu walioitwa wezi, mmoja wao akiwa mtu ambaye shtaka lake lilifutwa baadaye, na majaji wakasema kuharibiwa jina peke yake hakutoshi kuwa uvunjaji wa haki yake ya kikatiba.

Mimi binafsi sitaki picha ziondolewe zote, na sababu yangu inatoka kwenye kambi ya wakimbizi. Wengi wetu tuliotoka Kongo tulipofika hapa tuliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, kwa kuwa hatukuwa na vyeti. Nilipomtafuta jirani yangu kwenye orodha ya jela nilikuta wanaume wawili wenye jina lile lile na tarehe ile ile. Bila picha ningekwenda kumlipia dhamana mtu nisiyemjua. Tena mji huu ndio uliomzika msichana aliyeuawa mwaka 1993, siku ya kutimiza miaka 21, na mwanaume aliyetoka jela kwa dhamana bila yeye kuarifiwa. Mfumo wa VINE, unaompigia simu aliyedhuriwa mara tu mtuhumiwa anapoachiliwa, ulianzia hapa mwaka uliofuata.

Mkalimani wa Mahakama

Nashangaa hakuna aliyegusa uhamiaji. Alama za vidole zinazochukuliwa jela hupelekwa FBI, na kutoka huko hufika kwa watu wa uhamiaji, iwe jina limewekwa hadharani au limefichwa. Kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2025, asiye raia aliyeingia bila kibali anaweza kuzuiliwa kwa lazima kwa kukamatwa tu kwa tuhuma ya wizi, wa dukani ukiwamo, hata kabla ya kuhukumiwa. Akihamishiwa mikononi mwa uhamiaji, hutoweka kwenye orodha ya kaunti, na itabidi atafutwe kwenye mfumo wa ICE, yaani idara ya uhamiaji inayozuia watu, kwa namba yake ya A (namba ya faili lake la uhamiaji) na nchi aliyozaliwa, au kwa jina lililoandikwa vilevile, herufi kwa herufi.

Mama Mwenye Duka

Mtu mzima anayesemwa ni mimi, na nataka nijibu mbele ya wote. Niliituma picha ile kwenye kundi la akina mama wa kanisa saa tano usiku ili tuchange dhamana. Kabla ya mapambazuko tulikuwa tumepata dola 600. Sikuituma ili kumwaibisha mtoto.

Shangazi wa Dallas

Mchango ule tuliupokea, na mama yake alikushukuru. Lakini jina na kiasi cha dhamana vilitosha, mama. Picha haikuchangia hata dola moja.

Mwana wa Nyamira, Minnesota

Hapo namuunga mkono shangazi. Ila bado namsubiri kaka dereva arekebishe alichosema kuhusu kwetu.

Dereva wa Lori, Houston

Nimesema niliyoyaona kwa baba yangu, aliyelala siku sita katika kituo ambacho tulikuwa tumekwisha kukiuliza mara mbili. Sitayarekebisha.

Mkalimani wa Mahakama

Shangazi, naomba nirudi kwa mpwa wako. Je, baada ya kesi kufutwa, wakili aliomba amri ya kufuta kumbukumbu zote za kukamatwa? Sheria ya Texas inaruhusu ombi hilo kwa mashtaka mengi yaliyotupwa, nalo hupelekwa mahakama ya wilaya katika kaunti alikokamatwa. Amri hiyo ikitoka, mwenye tovuti ya picha akijulishwa haruhusiwi kuendelea kuitangaza habari hiyo, wala hawezi kudai malipo ili airekebishe.

Shangazi wa Dallas

Hatukuambiwa lolote kuhusu amri hiyo. Tulidhani kesi ikifutwa na kila kitu kimefutwa. Mpwa wangu ana kadi ya kijani, na mwaka kesho anataka kuomba uraia.

Mkalimani wa Mahakama

Basi msianze na ombi hilo. Nendeni kwanza kwa karani wa mahakama mkachukue nakala zilizothibitishwa kwa muhuri za hati ya mashtaka na za amri ya kuyafuta, walau tatu tatu, kwa maana fomu ya uraia huuliza kama umewahi kukamatwa hata kama kumbukumbu zilifutwa, na baada ya amri kutekelezwa karani hatakuwa na cha kuwapa.