Kiti cha fundi cherehani kiwe na kimo gani? Na kwenye meza ya kukatia tusimame vipi?

Mwanjelwa_Mishono

Wakuu, habari za huko. Nauliza kwa niaba ya mafundi wanne tunaoshona chumba kimoja hapa Mwanjelwa, Mbeya. Msimu wa sare za shule unakaribia, na ukifika ni kazi kuanzia asubuhi mpaka jua linazama.

Vyerehani ni vya kupiga kwa miguu, uso wa meza yake uko sm 76 kutoka sakafuni. Viti ni vya plastiki vya kawaida, kikalio kiko sm 43. Meza ya kukatia ni sm 80, na hiyo hiyo ndiyo ya kupigia pasi. Sakafu ni saruji.

Malalamiko ya wote yanafanana: ikifika saa nane mchana shingo na mabega yanawaka, kiuno kinakaza mtu akiinuka, na upande wa kulia unauma kuliko wa kushoto. Tunaambiana "kaa wima", mtu ananyooka dakika tano, ukigeuka ameshajikunja tena. Sihitaji dawa ya kuchua. Nahitaji vipimo vya kiti na meza, na namna ya kukaa na kusimama ambayo mtu ataweza kudumu nayo.

Nyonga_Sawa (fiziotherapia)

Asante kwa kuja na namba, mkuu, maana jibu limo humo humo.

Fundi wa kimo cha wastani akikaa, kiwiko chake huwa sm 22 hadi 24 juu ya kikalio. Kwa kiti cha sm 43, kiwiko kiko kwenye sm 66, na kazi iko 76. Hizo sm 10 zinazopungua zinalipwa na mabega: yanapanda kuelekea masikioni ili mikono ikifikie kitambaa, yanabaki huko kutwa nzima. Misuli inayotoka shingoni kushuka begani ndiyo hiyo mnayosema inawaka.

Kiuno nacho kina habari yake. Mguu wa fundi uko juu ya kanyagio, hauko sakafuni, kwa hiyo kwenye kiti kifupi goti linapanda kupita nyonga. Goti likipita nyonga, nyonga inabingirika kwa nyuma, ule mbonyeo wa kiuno unafutika na mgongo unakuwa upinde. Tena kiti cha plastiki kimelala nyuma. Ukiegemea unakuwa mbali na sindano, basi fundi anasogea ukingoni na mgongo wa kiti unabaki hauna kazi. Mwishowe kichwa kinatangulia. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 na nusu hadi 5. Kikikaa juu ya mabega, mifupa inakibeba. Kikitangulia, misuli ya kisogoni inakishikilia bila kupumzika. Mtu aliye katika hali hiyo kumwambia "kaa wima" ni kumwonea, kwa sababu kiti ndicho kinachomkunja.

Kipimo cha kiti anzeni kukichukua juu ya kanyagio, likiwa limelala sawa. Sakafu iacheni. Fundi avae viatu vyake vya kazi, mpime kutoka chini ya kisigino hadi kwenye kikunjo cha nyuma ya goti. Tuseme ni sm 42. Kama kanyagio liko sm 7 juu ya sakafu, hiyo ni 49. Ongeza sm 2 ili nyonga iwe juu kidogo ya goti: kiti ni sm 51. Rudi sasa kwenye kiwiko: 51 na 23 ni 74, meza 76. Kwa kazi ya macho kama kushona, kitambaa kuwa sawa na kiwiko au juu yake kwa sm 2 hadi 5 ndiyo sahihi, kwa kuwa macho yanakiona bila shingo kuinama sana. Angalieni tu kwamba juu ya paja, chini ya meza, panapita vidole vitatu.

Kuupata mkao wenyewe: kaa, weka viganja chini ya makalio, utagusa mifupa miwili. Bingirisha nyonga mbele mpaka kiuno kibonyee sana, kisha nyuma mpaka mgongo ujikunje. Rudia mara tano, kila mara ukipunguza mwendo, na uishie pale uzito unapotua juu ya ile mifupa yenyewe. Toa mikono. Kifua usikitoe nje kama askari wa gwaride. Mbavu zikifunguka mbele, kiuno kinabanwa kwa nyuma na hapo umebadilisha ugonjwa tu. Vuta utosi juu, kidevu kirudi nyuma kidogo bila kuinama, pumua nje, mabega yaanguke yenyewe. Ukiona unahitaji nguvu kukaa hivyo, kimo cha kiti bado.

Hata mkao ulio sawa ukikaa nao saa mbili bila kusogea, utauma. Kinachochosha zaidi ni kutulia mahali pamoja. Msiwe na saa ya kengele, mtaizima, tumieni bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini). Kila bobini inapoisha, simama kabla ya kuijaza. Mikono kiunoni, pinda kwa nyuma taratibu mara tano, kisha vuta kidevu nyuma mara tano ukihesabu mpaka tatu kila mara. Haifiki hata dakika moja.

Paini_Mafinga

Kamwene wote. Nimesoma hesabu ya hapo juu, mimi naongezea upande wa useremala.

Kina cha kikalio, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo, kiwe urefu wa paja (nyuma ya makalio hadi kikunjo cha goti) ukitoa sm 5. Kwa wengi inakuja 38 hadi 40. Kikizidi, ukingo unakata nyuma ya goti, mguu unakufa ganzi, na fundi anasogea mbele aachane na egemeo. Ukingo wa mbele piga randa uwe mviringo, usiuache na kona.

Miguu ya nyuma iwe mirefu kuliko ya mbele kwa sm 2, kikalio kiinamie mbele kidogo. Kwa kazi ya cherehani mteremko huo unasaidia nyonga isibingirike nyuma. Ukizidisha, mtu atakuwa anateleza na kujizuia kwa miguu, na miguu hiyo inatakiwa kwenye kanyagio. Kimo cha 51 kipimwe katikati ya kikalio.

Egemeo lisiwe refu. Ubao mmoja wa upana wa sm 15 unatosha, ukingo wake wa chini ukiwa sm 15 juu ya kikalio. Hapo chini acheni wazi, makalio yapate pa kurudi. Ukiziba, makalio yanasukumwa mbele na kiuno hakifiki kwenye ubao. Bila pesa ya egemeo, kanga iliyokunjwa na kuviringishwa unene wa sm 8, ikafungwa kwenye kiti usawa wa mkanda wa suruali, inafanya kazi.

Mto uwe wa sponji ngumu ya sm 3, na kimo mkipime mtu akiwa ameukalia. Sponji laini inazama na hesabu yote inapotea.

Miguu ya kiti tumieni mbao ya inchi mbili kwa mbili ya paini, iliyokauka. Kwenye mbao za shamba la miti la Sao Hill zinazopita huku zipo zinazouzwa zikiwa bado mbichi: nzito kuliko saizi yake, baridi ukiigusa kwa shavu. Mbao mbichi ikikaukia kwenye kiti inasinyaa, viungo vinalegea, kiti kinacheza. Na kiti kinachocheza kinaufanyisha mgongo kazi ya kukisawazisha siku nzima. Unga miguu kwa mbao pande zote nne, gundi na skrubu, msumari peke yake hautadumu.

Tumaini_Tukuyu

Na ile mikanda ya mgongo inayouzwa mitaani, fundi akiivaa anaposhona haimsaidii?

Nyonga_Sawa (fiziotherapia)

Mkanda utamfariji, lakini kimo cha kiti hautakibadilisha wala kumzuia kukaa saa tatu bila kuinuka. Hiyo pesa nunueni mbao.

Mama_Chaki_Iringa (mwalimu wa ushonaji)

Poleni na kazi, wanangu. Kuna mambo matatu sijaona yametajwa, na mwanafunzi akipewa kiti kizuri bila hayo atajikunja vile vile.

La kwanza ni mwanga. Fundi anainama kwa sababu haoni tundu la sindano wala mstari wa chaki. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kwetu nyanda za juu ni ukungu, mlango unafungwa kwa baridi, chumba kinakuwa giza, na sare yenyewe ni bluu iliyokolea na uzi wa bluu. Cherehani kikae mwanga utoke kushoto mbele, kivuli cha mkono wa kulia kisiangukie kazi. Taa ndogo ya kuchaji iliyofungwa karibu na sindano inanyoosha shingo kuliko maneno. Na aliyepita miaka 40 akianza kusogeza uzi mbali ili auone, akapime macho apate miwani ya kusomea; hapo hata kiti cha dhahabu hakitamsaidia.

La pili, kukaa upande. Wengi wanaweka kiti katikati ya miguu ya meza. Kiti kifuate sindano: pua, kitufe cha shati na sindano viwe mstari mmoja. Ukikaa pembeni unajipinda kidogo tu, lakini unajipinda maelfu ya mishono. Miguu yote miwili iwe kwenye kanyagio, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo, na kila baada ya nguo ubadilishe ulio mbele. Anayekanyaga kwa mguu wa kulia peke yake anakalia kalio moja, na huo upande wa kulia mnaoulalamikia ndipo ningeanza kuutafuta.

La tatu, kanyagio zito. Cherehani kikiwa kizito fundi anakaza paja, anajisukuma nyuma, kiuno kinagoma. Baridi inafanya mafuta yawe mazito, hasa kama mtu aliweka mafuta ya kula, ambayo yakikaa yanaganda kama gundi. Safisheni vitundu vya kutilia mafuta kwa mafuta ya taa, pigeni mpaka uchafu utoke, futeni, kisha tone moja moja la mafuta mepesi ya cherehani, pamoja na kule chini kwenye vikombe vya kanyagio. Mkanda wa cherehani nao usikazwe mno. Ulishike gurudumu bila kuteleza, zaidi ya hapo mnajiongezea mzigo.

Nyonga_Sawa (fiziotherapia)

Mama shikamoo, hilo la macho ni kweli tupu.

Namalizia kusimama. Meza ya kukatia ya sm 80 ni fupi. Mtu wa sm 163 akisimama, kiwiko kiko kama sm 102. Kukata kwa mkasi ni kazi nyepesi, meza ikae sm 5 hadi 10 chini ya kiwiko, yaani 92 hadi 97. Inueni kwa vigingi vya mbao vya sm 15 vilivyochimbwa shimo ili mguu wa meza uzame ndani, usiteleze. Pasi ya mkaa ni nzito na inahitaji kugandamiza kwa uzito wa mwili, kwa hiyo mpiga pasi anataka meza ya chini zaidi, 85 hadi 88. Kama meza ni moja, ipandisheni kwa ajili ya kukata, na mpiga pasi apande juu ya chaga ya mbao ya sm 8. Chaga hiyo inamwondolea na ubaridi na ugumu wa saruji.

Miguu iachane upana wa nyonga. Yumba mbele hadi uzito ufike chini ya vidole, yumba nyuma hadi kisigino, simama katikati. Magoti yasifungwe kwa nyuma. Yalegee kiasi cha kutoonekana. Ukitazamwa ubavuni, ndewe ya sikio, bega, nyonga na mbele kidogo ya kifundo cha mguu viwe karibu mstari mmoja. Kujikagua, tumia ukuta: visigino sm 5 mbele yake, makalio na mgongo wa juu viguse, kisogo nacho kiguse au kikaribie. Pitisha mkono nyuma ya kiuno. Kiganja kikipita kwa kubana, vizuri. Ngumi ikipita, umebinua kiuno, shusha mbavu.

Chini ya meza wekeni kibao cha sm 12, mguu mmoja juu yake, mnabadilishana kila baada ya dakika chache. Na kitambaa cha mbali kifuateni kwa kuzunguka meza. Msikilalie meza kukivuta.

La mwisho kwangu: ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kutozuilika, au mguu kuishiwa nguvu, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito yapimwe pia, kifua kikuu huingia kwenye pingili za mgongo.

Mwanjelwa_Mishono

Shikamoo mama, asanteni sana wote. Tumepima leo. Watatu wanakuja kati ya 50 na 52, lakini mmoja wetu ni mfupi: kisigino hadi goti ni sm 38, kanyagio liko 7. Kwa hesabu yenu kiti chake ni 47, kiwiko kinabaki 69 na meza ni ile ile 76. Afanyeje?

Paini_Mafinga

Kiti chake kifanye 50, kisha mpandishie kanyagio. Kata ubao mwepesi wa paini wa unene wa sm 3, upana na urefu usizidi kanyagio, ufunge kwa waya kupitia matundu ya chuma sehemu nne. Kiwiko kinafika 72 au 73, na hizo sm 3 au 4 zilizobaki ziko ndani ya kipimo alichosema mtaalamu. Kabla hajaanza kushona, zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko mizima uone ubao haugusi mkanda wala ile fimbo inayopanda na kushuka, na magoti yake hayagongi chini ya meza.